BABA SIMON KIMBANGU: MIEZI MITANO YA KUHUBIRI, MIAKA 30 YA KUKESHA



Mwezi uliopita, katika ibada ya jioni, tulisoma habari ya bustani ya Getsemane, namna wanafunzi watatu walivyolemewa na usingizi wakati Bwana alipowaomba wakeshe pamoja naye. Baada ya ibada kijana mmoja wa kwaya alinifuata mlangoni, akaniuliza kama katika nchi yetu, kati ya watu weusi kama sisi, alikuwako mtu aliyekesha bila kulala. Nilimjibu palepale: Baba Simon Kimbangu. Akasema anamjua, ni yule aliyefanya miujiza kule Nkamba. Nikaona kwamba anajua nusu tu ya habari, tena nusu iliyo fupi. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika kurasa hizi.

Tufanye hesabu kwanza. Baba Simon alihubiri mbele ya watu tangu tarehe 6 Aprili 1921 mpaka tarehe 12 Septemba ya mwaka ule ule. Hiyo ni miezi mitano na siku chache. Kisha alikaa mikononi mwa serikali ya Wabelgiji mpaka siku ya kufa kwake, tarehe 12 Oktoba 1951. Hiyo ni miaka 30 na mwezi mmoja. Lakini sisi tunaposimulia habari zake, ile miezi mitano tunaihubiri saa nzima, na ile miaka 30 tunaimaliza kwa maneno mawili: akafungwa, akafa. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo mara nyingi.

Alizaliwa mwaka 1887 huko Nkamba, kijiji kilicho juu ya kilima katika Bas-Congo, jimbo linaloitwa leo Kongo Central. Jina Kimbangu katika lugha ya Kikongo ni mtu anayefunua yaliyofichika. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mdogo, na Mama Kinzembo wa ukoo wake ndiye aliyemlea. Mahali pa karibu, Ngombe-Lutete, walikuwako wamisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, na kwao alijifunza kusoma Neno la Mungu katika Kikongo. Mwaka 1915 alibatizwa, yeye pamoja na mke wake, Mama Marie Muilu. Walizaa watoto watatu wanaume: Kisolokele mwaka 1914, Dialungana mwaka 1916, na Diangienda mwaka 1918. Mwiweke akilini miaka hiyo, tutairudia.

Mwaka 1918 ugonjwa mkubwa wa mafua ulipita katika dunia yote, ukaua watu wengi sana katika Kongo. Wakati huo wa misiba ndipo Baba Simon alipoanza kusikia usiku sauti inayomwita achunge kondoo wa Kristo. Na hapa ninaomba msomaji apunguze mwendo. Siku hizi mtu anaota ndoto moja, na Jumapili inayofuata ameshajitangaza kuwa nabii, amekwisha kununua na megafoni. Baba Simon alikataa. Alijibu kwamba yeye si mtu wa elimu, kwamba wako wachungaji na mashemasi waliofundishwa kwa kazi hiyo. Sauti ikarudi, akakataa tena. Mwisho akakimbia kabisa kama Yona, akaenda Kinshasa kutafuta kazi ya mikono. Sauti ikamfuata mpaka kule mjini. Mambo ya mji nayo hayakumwendea vizuri, akarudi Nkamba kulima shamba lake. Miaka karibu mitatu ilipita hivyo, anaitwa na anakataa. Mtu anayepima sauti kwa miaka mitatu kabla ya kuifuata si mtu wa kudharauliwa. Naona kukesha kwake kulianzia pale.

Asubuhi ya tarehe 6 Aprili 1921 alikuwa akipita katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, na ndani ya nyumba moja alikuwamo mwanamke mgonjwa sana, jina lake Kiantondo. Baba Simon aliingia, akamwekea mikono katika jina la Yesu Kristo, naye akapona. Tarehe hiyo leo inajulikana na kila mtu katika nchi, maana tangu mwaka 2023 serikali ya Kongo imeifanya sikukuu, na ofisi na masomo hufungwa.

Yaliyofuata mmeyasikia. Watu walipanda kilima cha Nkamba kwa maelfu, wagonjwa wakibebwa katika tipoyi na machela. Wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu na kazi ya reli, na hata wagonjwa wa hospitali waliondoka kitandani kwenda kwa nabii. Lakini tazameni aliwaagiza nini wale waliofika. Aliwaambia watupe hirizi na sanamu za uganga, waache ngoma za dansi chafu, waache kuoa wake wengi. Nao wakatii. Njia za vijiji zilijaa vitu vya uganga vilivyotupwa, na ngoma zikavunjwa. Tena pale misioni Biblia na vitabu vya nyimbo viliisha, maana kila mtu alitaka kununua chake. Habari hii ya vitabu kuisha inanigusa kuliko miujiza mingine. Mtu aliyeponywa mguu anaweza kurudi nyumbani akasahau, lakini aliyetoa faranga zake kununua Biblia amejitayarisha kwa njia ndefu.

Tarehe 11 Mei mkubwa wa teritware, Bwana Morel, alipanda Nkamba kutazama kwa macho yake. Alipokelewa na umati unaoimba kwa nguvu, na Baba Simon alikuwa akitetemeka katika Roho. Kisha akafungua Biblia na kusoma mbele yake habari ya Daudi na Goliati. Bwana Morel alielewa alichotaka kuelewa. Aliandika kwamba jambo hili ni hatari kwa serikali, na tarehe 6 Juni alirudi pamoja na askari ili kumkamata. Watu wengine walikamatwa, kijiji kikaporwa, lakini Baba Simon alipita katikati ya msukosuko akaponyoka.

Kwa miezi mitatu alikaa mafichoni, akihamahama kutoka kijiji hata kijiji, na bado akihubiri. Askari wa Bula Matari walimtafuta kila mahali, wala hakuna mtu wa nchi ile aliyemtoa. Angeweza kuvuka mpaka, maana nchi za Wafaransa na Wareno hazikuwa mbali. Angeweza pia kuwaachia watu wapigane, maana walikuwa wengi na moyo wao ulikuwa unawaka. Hakufanya hili wala lile. Tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba kwa miguu yake mwenyewe, akawakataza watu kupiga askari, akajitoa akamatwe. Wako wanaosema alichoka kujificha. Mimi siamini. Mtu aliyechoka anakamatwa njiani, haendi kungojea askari nyumbani kwake mchana.

Hukumu ilifanyika Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, mbele ya baraza la kijeshi lililoongozwa na Komanda de Rossi. Hakupewa mtu wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kupigwa fimbo 120 za kiboko na kisha kuuawa, kwa neno la kwamba aliasi serikali na kuwachukia wazungu. Mtu huyu hakuwa amebeba hata panga. Wamisionari wa Kibaptisti waliandika kumwombea huruma, wazungu wengine pia, na Mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Hukumu ya Thysville ilikaa katika vitabu vya serikali miaka 90. Mwaka 2011 tu ndipo mahakama kuu ya kijeshi ya nchi yetu ilipoifuta.

Basi wakamtoa katika nchi ya Wakongo, wakampeleka Élisabethville huko Katanga, mji tunaouita Lubumbashi. Kutoka Nkamba mpaka pale ni karibu kilometa elfu mbili. Walitaka asisikie tena lugha yake wala nyimbo zake, na watu wake wasipate njia ya kumfikia. Alikaa katika mji wa migodi, kati ya watu wanaosema Kiswahili hiki hiki tunachosoma hapa, na wengi waliopita nje ya ukuta ule hawakujua nani yumo ndani.

Sasa turudie ile miaka niliyowaomba mwiweke akilini. Siku Baba Simon aliyojitoa, Kisolokele alikuwa na miaka 7, Dialungana 5, Diangienda 3. Siku aliyokufa walikuwa wanaume wa miaka 37, 35 na 33. Mfalme aliyemwondolea kifo alikufa mwaka 1934, mfungwa bado yumo. Vita vya pili vya dunia vilianza na kuisha, naye yumo. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière katika mji ule ule waligoma kwa sababu ya mshahara, askari wakawapiga risasi wengi wakafa, naye yumo. Hakuna umati mbele yake. Hakuna mgonjwa anayeletwa kwa machela ili aamke mbele ya watu wote. Hakuna anayeimba akimwona. Kila asubuhi ni ukuta ule ule. Mke wake hakumwona tena, na kilima cha Nkamba hakukiona tena.

Ndugu msomaji, mimi ni shemasi, na kazi yangu moja ni kuandika majina ya watu wa zamu ya maombi ya usiku. Nitasema ukweli: zaidi ya mara moja nimeamshwa na mlinzi wa kanisa, kitabu cha zamu kikiwa juu ya magoti yangu. Usiku mmoja tu ulinishinda. Ndiyo maana ninapofikiri miaka 30 siwezi kuisema haraka tena. Neno moja, kwamba ameacha, kwamba hakuitwa, kwamba alikosea, lingewafurahisha wakubwa wengi. Lakini wale waliomngojea nje hawakusikia neno hilo likitoka kwake.

Na hapa tuseme juu ya hao waliomngojea, maana wao ndio wanaofanana na sisi zaidi. Mchungaji amefungwa, mikutano imekatazwa, na Nkamba inalindwa. Kondoo wafanye nini?

Mama Marie Muilu alibaki Ngombe-Kinsuka, akipeleleza kila anayeingia na kutoka, maana wapelelezi walikuwa wengi kuliko wageni. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na serikali, akapelekwa shule ya koloni huko Boma. Mama huyu hakuwa na kitambaa cha uchungaji wala karatasi ya cheo. Alilima, alipokea wageni wa usiku, aliomba nao, na kabla ya jogoo kuwika wakaondoka. Watu walikutana msituni na kuimba kwa sauti ya chini nyimbo walizopewa. Kwa miaka karibu 38 nyumba yake ilikuwa kanisa lisilo na paa la bati wala kengele.

Waliogunduliwa walihamishwa kwa nguvu. Maelfu ya watu, mara nyingi baba na mama pamoja na watoto, walitolewa katika nchi yao na kupelekwa kambi za mbali, wengine mpaka Lowa kando ya mto Lualaba. Wengi walifia huko. Lakini serikali haikufikiri jambo moja: kumtawanya mwenye kuomba ni kutawanya maombi. Watu wa makabila mengine, ambao hawangesikia kamwe jina la Nkamba, walilisikia kwa hao wahamishwa waliofika na mzigo mmoja kichwani.

Kusimama imara si jambo rahisi, na nisipoandika yaliyotokea katikati ya miaka ya 1930 nitakuwa nimewadanganya. Wakati ule Jeshi la Wokovu liliingia Kongo kuhubiri Injili. Maofisa wake walivaa sare, na juu ya kola ya sare kuna herufi S. Watu wa Bas-Congo walipoiona herufi ile walisema: hiyo S ni Simon! Nabii amerudi, amerudi katika mwili wa mzungu! Wakaenda kwa makundi makubwa kuwashika maofisa mkono, wakiamini kwamba anayewashika mkono uchawi unamtoka, na asiyetaka kushika basi huyo ni mchawi. Jeshi la Wokovu lenyewe halikufundisha neno hilo. Ni njaa ya watu iliyosoma herufi vibaya.

Msiwacheke. Walikuwa na miaka 14 wakingojea, na mtu anayengojea sana huona anachotaka kuona. Hawa hawakuwa wamelala. Macho yao yalikuwa wazi, lakini yalikuwa yametoka katika Neno na kwenda kutafuta alama. Naona hatari hii ni kubwa kuliko usingizi wa mashemasi. Katika kata yetu tunao ndugu ambao hawajakosa ibada hata moja mwaka mzima, na bado kila akija mhubiri mgeni mwenye sauti kubwa wanamkimbilia kwa sababu amevaa nyeupe, au kwa sababu jina lake linafanana na jina la fulani. Yule mama aliyekaa Ngombe-Kinsuka akilima muhogo wake hakukimbilia herufi. Alikuwa mke wake, alimjua, na alijua kwamba bado yuko gerezani.

Baba Simon alikufa Élisabethville tarehe 12 Oktoba 1951, akazikwa kule kule mbali na watu wake. Kwa hesabu ya kibinadamu jambo lilikuwa limekwisha. Lakini wale wa usiku hawakuacha. Mwana wake wa mwisho, Diangienda, ambaye alikuwa karani wa serikali, alianza kukusanya makundi yaliyotawanyika, pamoja na ndugu zake wawili na mama yao. Mateso yalipozidi tena, mwaka 1957, karibu viongozi 600 waliandika majina yao chini ya barua kwa Gavana Mkuu. Hawakutisha wala hawakutukana. Walisema tu kwamba kama kumwomba Mungu ni kosa, basi serikali iwakusanye wote mahali pamoja na kufanya inachotaka juu yao. Fikirini majina 600 ya watu waliojificha miaka 36, sasa yameandikwa wazi kwa wino, kila mtu na sahihi yake. Serikali ilikuwa imekwisha kupewa orodha yote bila kutuma mpelelezi hata mmoja, na ikakosa la kufanya. Kukamatwa kwa watu kukaanza kupungua.

Tarehe 24 Desemba 1959, mkesha wa Noeli, serikali ya Ubelgiji ilikubali kanisa lao kwa karatasi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1969, kanisa hilo lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likakaa meza moja na makanisa ya wale wamisionari wa zamani.

Mama Muilu hakuiona karatasi ile. Alikuwa amelala katika Bwana tarehe 27 Aprili 1959, miezi minane kabla yake, baada ya kulinda moto miaka yote ile. Mwanzoni mwa Aprili 1960, nchi ikiwa karibu kupata uhuru, mwili wa Baba Simon ulifukuliwa katika ardhi ya Katanga na kurudishwa nyumbani. Umati mkubwa ulipanda kilima pamoja nao, na wazee walikuwamo ambao mwaka 1921 walikuwa vijana kijijini pale. Alitoka Nkamba akiwa mtu wa miaka 34, kati ya askari. Aliingia tena tarehe 3 Aprili 1960 kati ya waimbaji, na wana wake watatu walikuwapo kumpokea.